Kwotabeki Anapoangushwa Kila Mara: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kinachoisumbua Safu ya Wakingaji

Tarehe 7 Februari 2021, Kansas City Chiefs walipigwa 31-9 na Tampa Bay Buccaneers kwenye Super Bowl LV, fainali ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani. Ukisoma karatasi ya takwimu utaona kwamba Patrick Mahomes, kwotabeki (mrushaji mpira) wa Chiefs, aliangushwa na mpira mkononi mara 3 tu. Tatu si balaa, timu nyingi hushinda na hesabu hiyo. Lakini aliyeitazama mechi ile anajua kilichotokea. Mahomes alibughudhiwa mara 29, idadi ambayo Super Bowl haikuwahi kuiona, na kabla ya kurusha au kukamatwa alikimbia huku na huko jumla ya yadi 497, yaani zaidi ya mita 450, kuokoa maisha yake. Katika robo ya mwisho alirusha mpira akiwa hewani, mwili umelala sambamba na nyasi, na mpira ukamfikia Darrel Williams pale pale palipotakiwa, ukamgonga kwenye kofia, ukaanguka.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usiihukumu safu ya wakingaji, wale wanaomlinda kwotabeki, kwa idadi ya kuangushwa peke yake. Namba hiyo hukwambia kwamba kuna maradhi, haikwambii maradhi gani. Mwongozo huu ni wa kuyatafuta, kwa anayekesha Nairobi au Dar es Salaam hadi saa nane na nusu usiku kuingoja Super Bowl ianze, na pia kwa mzazi aliyeko Houston au Minneapolis ambaye kijana wake amepewa jezi ya wakingaji shuleni na kila Ijumaa jioni anasikia watu jukwaani wakimlaumu mtoto wa mtu bila ushahidi.

Watu wenyewe

Nitapita haraka. Kwenye mpira wa Kimarekani timu yenye mpira hupata majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kwotabeki ndiye anayeanzishiwa mpira na kuamua kurusha au kumkabidhi mkimbiaji. Mbele yake wanapanga mstari watu watano, kwa kawaida wenye kilo 135 na kwenda juu, wanaovaa namba kati ya 50 na 79. Katikati yuko senta, anayeuanzisha mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu yake. Kila upande wake kuna mkingaji wa ndani, na nje kabisa kila upande kuna mkingaji wa pembeni. Wanaokuja kumshika kwotabeki tuwaite wavamizi.

Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia akijiweka tayari kurusha huupa mgongo upande wa kushoto, ndiyo maana mkingaji wa pembeni kushoto hulipwa fedha nyingi. Lawrence Taylor wa New York Giants aliwafundisha watu somo hilo Novemba 1985, usiku ule mguu wa Joe Theismann wa Washington ulipovunjika na hakucheza tena. Kwa kwotabeki wa mashoto kama Tua Tagovailoa hesabu inageuka, na wa pembeni kulia ndiye anayelinda mgongo wake.

Hatua ya 1: Tafuta picha inayoonyesha watu wote

Kamera ya televisheni huufuata mpira, na mpira ndiyo kitu kisichokuhusu hapa. Huduma za kulipia za ligi zina picha ya makocha, ile inayopigwa kutoka juu na nyuma ya goli, wachezaji wote 22 wakiwa ndani. Ukiikosa, rekodi ya kawaida inatosha kwa kazi kubwa, maana safu ya mbele huonekana angalau kwa sekunde mbili za mwanzo.

Kila mchezo, yaani kila tukio kuanzia mpira unapoanzishwa hadi unapokufa, urudie mara tatu. Mara ya kwanza tazama senta na wa ndani wawili. Mara ya pili wa pembeni. Mara ya tatu miguu ya kwotabeki. Usijaribu kuwaona wote kwa mpigo mmoja. Jicho litakimbilia penye kishindo, na penye kishindo mara nyingi sipo palipoanza kuharibika.

Chukua daftari, chora safu nne: sekunde, idadi ya wavamizi, palipovuja, na aina ya jaribio. Simu yako ina saa ya kuhesabia. Hivyo tu.

Hatua ya 2: Hesabu sekunde kabla ya kumtaja mtu

Bonyeza saa mpira unapotoka kwa senta. Simamisha unapotoka mkononi mwa kwotabeki, au anapoguswa. Fanya hivyo kwa kila mrusho wa mechi nzima. Inachosha, lakini hapa ndipo nusu ya ubishi wa vijiweni unapokufa.

ESPN inapopima kazi ya wakingaji hutumia sekunde 2.5: mkingaji aliyemzuia mtu wake kwa muda huo au zaidi anahesabiwa kuwa ameshinda pambano. Tumia kipimo hicho hicho. Mvamizi akifika kabla ya 2.5, wakingaji wana kesi ya kujibu. Akifika baada ya sekunde 3, acha kuwatazama wao. Tazama kwanza kama kuna mpokeaji aliyekuwa wazi na kwotabeki hakumwona, au kama hakuna aliyekuwa wazi kabisa, jambo ambalo ni la wapokeaji na kocha aliyechora mchezo.

Mfano ni Caleb Williams, aliyeangushwa mara 68 akiwa mgeni kwenye ligi, msimu wa 2024 na Chicago Bears. Mashabiki wa Chicago waligawanyika kambi mbili, moja ikiapa kwamba safu ni mbovu na nyingine ikiapa kwamba kijana anaung'ang'ania mpira. Kambi zote mbili zilikuwa na haki, na ndiyo sababu hazikusikilizana. Kulikuwa na michezo ambayo wa ndani walipasuka kabla hajainua kichwa, na kulikuwa na mingine ambayo alizunguka nyuma ya mstari akitafuta pasi ya ajabu kama alivyozoea chuoni. Bila saa mkononi huwezi kuitenganisha. Mratibu wa mashambulizi, Shane Waldron, kibarua chake kiliota nyasi katikati ya Novemba, na kocha mkuu Matt Eberflus akafuata mwezi huo huo haujaisha.

Tazama pia kwotabeki amerudi nyuma kiasi gani. Mkingaji wa pembeni hufanya kazi yake akiamini kwamba nyuma yake, umbali wa yadi saba au nane hivi, kuna mtu. Kazi yake ni kumzungusha mvamizi apite nyuma ya hapo. Kwotabeki akirudi hadi yadi kumi na moja, mvamizi aliyezungushwa vizuri kabisa anamkuta njiani. Kwenye televisheni itaonekana wa pembeni kazidiwa. Mwenye kosa ni miguu ya kwotabeki.

Hatua ya 3: Hesabu wavamizi

Simamisha picha sekunde moja baada ya mpira kuanza. Wamekuja wangapi?

Wakija sita dhidi ya wakingaji watano, mmoja atabaki bila mtu, na hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza. Anatakiwa azuiwe na mkimbiaji, au mpira utoke haraka kabla hajafika. Mvamizi huyo akimbomoa kwotabeki usimlaumu mkingaji aliye karibu naye, maana alikuwa na wake.

Wakija wanne na bado ukuta ukaanguka, hapo penye ngoma. Wanne dhidi ya watano, na walinzi saba wamebaki nyuma kuwafunika wapokeaji: hakuna hali mbaya kuliko hiyo. Ndivyo Buccaneers walivyoimaliza Chiefs mwaka 2021. Todd Bowles, aliyeongoza ulinzi wa Tampa na kujulikana kwa kupenda blitzi, yaani kutuma watu wa ziada, siku hiyo aliituma mara chache sana. Hakuwa na haja. Tarehe 9 Februari 2025 Philadelphia Eagles walifika mbali zaidi. Kwenye Super Bowl LIX walimwangusha Mahomes mara 6 na kushinda 40-22 bila kutuma blitzi hata moja.

Hatua ya 4: Tafuta palipovuja, na namna palivyovuja

Hapa usiwe na haraka.

Kwanza mahali. Uvujaji wa pembeni unatisha ukiutazama, lakini kwotabeki mwenye akili anaweza kupiga hatua mbele akauacha upite nyuma yake. Uvujaji wa katikati haumpi pa kwenda, kwa sababu hatua ile ya mbele imezibwa. Aaron Donald wa Los Angeles Rams alijenga jina lake pale pale katikati. Kwenye Super Bowl LVI, Februari 2022, Joe Burrow wa Cincinnati Bengals aliangushwa mara 7, na mchezo wa mwisho ulioamua mechi, jaribio la nne wakihitaji yadi moja, ulikufa mikononi mwa Donald aliyepenya ndani na kumzungusha Burrow kabla hajapata nafasi ya kurusha vizuri. Mbele huko Ja'Marr Chase alikuwa ameshamwacha mlinzi wake. Ubao ulisomeka 23-20 kwa Rams.

Timu nyingi humwaga fedha pembeni na kuweka ndani yeyote aliyepatikana. Kwa maoni yangu huo ni ubahili unaolipiwa Januari, mechi za mtoano zinapoanza na wavamizi wazuri wa katikati ndio waliobaki.

Sasa namna. Karibu kila uvujaji utaingia kwenye moja ya aina tatu.

Ya kwanza ni kuzidiwa nguvu: mkingaji anasukumwa kinyumenyume hadi mapajani mwa kwotabeki. Tazama mgongo na magoti yake. Mkingaji aliyekaa sawa ana magoti yaliyokunjwa, mgongo wima, na mikono yake inaingia ndani ya kifua cha mvamizi. Kichwa kikitangulia mbele ya magoti, amekwisha, hata awe na kilo 150. Hilo likitokea robo ya nne tu, ni uchovu. Likitokea tangu mchezo wa kwanza, aliyewekwa hapo si wa hapo.

Ya pili ni kuzidiwa kasi, na huonekana zaidi pembeni. Dalili iko kiunoni. Mkingaji wa pembeni anarudi kwa hatua fupi fupi huku kiuno kimeelekea mbele. Akiona amechelewa, hugeuza kiuno kuelekea nje ya uwanja na kuanza kukimbia, na akishafanya hivyo amefungua mlango wa ndani. Mvamizi mjanja hutishia nje mara mbili tatu kwa ajili ya mara moja ya kukata ndani. Kwa hiyo ukiona mkingaji amepitwa kwa ndani robo ya tatu, rudi robo ya kwanza uone alivyopitwa kwa nje. Tatizo lilianza huko.

Ya tatu ni kuchanganyikiwa, na ndiyo watazamaji wengi huipa mtu asiyehusika. Wavamizi wawili wanavuka njia, huyu aende kwa huyu na yule aje kwa huyu. Wakingaji waliozoeana hukabidhiana bila neno. Wasiozoeana wote wawili humfuata mmoja, na mwingine anapita kama anaingia kwake. Kwenye daftari weka alama ya pekee kwa kila mvamizi aliyefika bila kuguswa na mtu yeyote. Alama hizo zikiwa nyingi, acha kuzungumzia vipaji. Tatizo ni mawasiliano: senta anaita vibaya, au watu wamekutana juzi, au mpango wa wiki haukueleweka.

Wazazi wa vijana wa shule, hii ya tatu ndiyo yenu. Kwenye timu za shule wavamizi wengi hufika bila kuguswa. Kijana wako anaweza kuwa na nguvu za ng'ombe na bado akaonekana mzigo kwa sababu hajui mtu wake ni yupi. Muulize baada ya mechi: “Mchezo ule ulikuwa na nani?” Akijibu papo hapo, kazi iliyobaki ni ya mazoezi. Akisita, aende kwa kocha na daftari.

Hatua ya 5: Andika majina ya waliocheza, kisha uliza nani hayupo

Hili ndilo chanzo kinachosahaulika haraka, kwa sababu watangazaji hutaja majeruhi mara moja wiki ya kwanza kisha basi.

Rudi kwa Chiefs wa Februari 2021. Mwaka 2020 mkingaji wao wa ndani kulia, Laurent Duvernay-Tardif, ambaye ni daktari, aliamua kutocheza msimu mzima akaenda kuhudumia wagonjwa Kanada wakati wa korona. Kelechi Osemele, wa ndani kushoto, aliumia magoti Oktoba. Mitchell Schwartz, wa pembeni kulia, mgongo ukamtoa nje. Halafu mechi moja kabla ya fainali Eric Fisher, wa pembeni kushoto, akakatika mshipa wa kisigino. Siku ya Super Bowl waliopanga mstari ni Mike Remmers, Nick Allegretti, Austin Reiter, Stefen Wisniewski na Andrew Wylie. Remmers alikuwa amehamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Wylie alikuwa wa ndani, amesogezwa nje. Kukosekana wawili wa pembeni kulizaa watu kadhaa wasio kwenye namba zao.

Ndiyo sababu ya kuandika majina yote matano na si la majeruhi pekee. Akitoka mmoja, angalia kama kocha amemwingiza wa benchi kwenye namba ile ile, au amemhamisha mzuri wa kwingine kuziba. Njia ya pili huonekana ya busara lakini inadhoofisha sehemu mbili badala ya moja. Kuhama kutoka kulia kwenda kushoto nako si jambo dogo, kwa sababu mguu wa nyuma unakuwa wa mbele na mkono unaotangulia unabadilika, na mwili uliozoea miaka kumi haubadiliki kwa wiki moja.

Cincinnati waliyaona hayo hayo. Baada ya Burrow kuangushwa mara 51 msimu wa 2021, na mara 9 kwenye mechi moja ya mtoano dhidi ya Tennessee (mechi ambayo, amini usiamini, walishinda 19-16), klabu ilisajili watu watatu wapya: La'el Collins, Alex Cappa na Ted Karras. Msimu uliofuata safu ilianza kushikana. Kisha Collins akaumia goti Desemba, Cappa kifundo cha mguu mwanzoni mwa Januari, na Jonah Williams goti wiki moja baadaye. Walifika nusu fainali ya Super Bowl, ubingwa wa AFC (nusu moja ya ligi), wakiwa na wawili tu kati ya watano wao, Burrow akaangushwa mara 5, na Kansas City wakashinda 23-20. Anayesema usajili ule ulikuwa wa hovyo hajatazama tarehe.

Hatua ya 6: Majaribio ya kwanza mawili, kelele na adhabu

Hapa panahitaji dakika chache tu. Tazama safu ya nne ya daftari. Kama kuangushwa kwingi kumetokea jaribio la tatu likiwa na yadi saba au zaidi, chanzo kiko nyuma zaidi. Timu imeshindwa kukimbia na mpira kwenye jaribio la kwanza na la pili, wavamizi wakajua kitakachofuata ni pasi, wakaacha kufikiri na kuanza kukimbia. Hakuna mkingaji duniani anayependa jaribio la tatu na yadi 12.

Adhabu huchangia. Mkingaji akijongea kabla ya mpira kuanza, yadi 5 zinakwenda. Akimshika mvamizi, 10. Ugenini kwenye kelele hali inakuwa mbaya zaidi kwa sababu wakingaji hawasikii sauti ya kwotabeki na wanaanza kwa kutazama ishara, hivyo wanachelewa kwa kope moja, na kope moja inatosha. Uwanja wa Arrowhead, Kansas City, ulipimwa desibeli 142.2 mwaka 2014. Kabla ya kuihukumu safu kwa mechi iliyochezwa pale, tazama mechi yake ya nyumbani.

Hatua ya 7: Panda ofisini

Kama umefika hapa na daftari bado linaonyesha wavamizi wanne, chini ya sekunde 2.5, wiki baada ya wiki, wakingaji wenyewe wakiwa wazima, basi kosa lilifanyika kabla msimu haujaanza.

Mfano wa vitabuni ni Houston Texans wa 2002. Timu mpya kabisa, ikamchagua kwotabeki David Carr namba moja kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wa vyuo. Wa kumlinda walikuwa wamemtafuta: Tony Boselli, mmoja wa wakingaji bora wa pembeni kushoto wa kizazi chake, waliyemchukua kutoka Jacksonville akiwa na bega bovu. Bega halikupona, na Boselli hakuichezea Houston hata mechi moja. Carr aliangushwa mara 76, rekodi ambayo bado inasimama. Mwaka 2005, akiwa klabu ile ile, aliangushwa mara 68. Miaka mitatu ilikuwa imepita na nyumba bado haina mlango. Hapo humwambii mtu kuhusu magoti na mikono.

Ofisini uliza mambo matatu. Drafti imetumika kwa nani? Mwaka 2021 Bengals walikuwa na uchaguzi wa tano, wakamchukua mpokeaji Chase badala ya mkingaji Penei Sewell, aliyekwenda Detroit namba saba. Watu wanabishana hadi leo. Mimi naona hawakukosea, kwa kuwa Chase ndiye aliyewafikisha fainali, ila bei ya uamuzi ule ilionekana kwenye mchezo wa mwisho wa fainali yenyewe. Swali la pili ni fedha: mishahara ina kikomo, na kwotabeki akishalipwa mamilioni yake ya dola, wa kukatwa huwa ni mkingaji aliyefika miaka 30. La tatu ni kocha wa wakingaji na muda wake kazini. Philadelphia walikaa na Jeff Stoutland tangu 2013, makocha wakuu wakija na kuondoka, na matunda tutayaona hapa chini.

Kuna pia jambo linaloigusa ligi nzima. Tangu mkataba wa 2011 kati ya wamiliki na wachezaji, mazoezi ya kugongana na mavazi kamili wakati wa msimu hayazidi 14. Ni jambo jema kwa vichwa na magoti ya watu. Lakini mkingaji hajifunzi kumzuia mtu wa kilo 130 kwa kuutazama mchoro, na makocha wanalalamika kwamba vijana wengi wanatoka vyuo vinavyocheza mpira wa pasi za haraka ambako hawakuhitaji kumzuia mtu kwa sekunde tatu. Ndiyo maana Septemba safu nyingi huonekana mbovu. Subiri mechi nne au tano kabla ya kutangaza msiba.

Hatua ya 8: Tiba inayolingana na chanzo

Katikati ya msimu hakuna duka la wakingaji. Kinachowezekana ni kuficha udhaifu. Kama tatizo ni la pembeni, kocha anaweza kumweka mtu wa ziada upande huo, au kumwambia mkimbiaji amgonge mvamizi begani kabla ya kukimbia njia yake. Kama tatizo ni la katikati, msaada huo haufiki, kwa hiyo dawa ni pasi fupi zinazotoka chini ya sekunde mbili, au kumtoa kwotabeki akimbilie pembeni kwa mpango na si kwa hofu. Kama ni kuchanganyikiwa, punguza michezo kwenye mpango, na uache watu watano wale wale wacheze pamoja hata kama mmoja wao si bora sana. Kubadilisha majina kila wiki ni kuanza upya kila wiki.

Msimu ukiisha ndipo pa kujenga. Chiefs, mwezi mmoja tu baada ya kipigo cha Tampa, waliwaacha Fisher na Schwartz siku moja. Wakamsajili Joe Thuney kwa mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 80, wakamchukua Orlando Brown Jr. kutoka Baltimore, kisha kwenye drafti wakampata senta Creed Humphrey raundi ya pili na Trey Smith raundi ya sita, namba 226, aliyeporomoka kwa sababu timu ziliogopa historia yake ya damu kuganda mapafuni. Miaka miwili baadaye, Februari 2023, walikutana na Eagles waliokuwa wameangusha makwotabeki mara 70 msimu ule. Mahomes hakuangushwa hata mara moja, wakashinda 38-35. (Kweli nyasi za uwanja ule wa Arizona zilikuwa zinateleza na wavamizi hawakupata pa kukanyaga. Lakini timu zote mbili zilicheza juu yake.)

Tiba nyingine ni kumtafutia mtu namba yake. Mekhi Becton alichaguliwa wa 11 mwaka 2020 na New York Jets kama wa pembeni, akaumia, akanenepa, akaitwa hasara. Mwaka 2024 Philadelphia walimwingiza ndani, upande wa kulia, na mwisho wa msimu ana pete ya ubingwa. Kushoto kwa safu ile alikuwepo Jordan Mailata, Mwaustralia aliyekuwa mchezaji wa raga na hakuwa amewahi kucheza mpira huu alipochaguliwa raundi ya saba mwaka 2018. Stoutland alimfundisha kusimama kwanza, mengine baadaye. Ligi ilikuwa imeshaonja raga hata kwetu: Mkenya Daniel Adongo alichukuliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, ingawa yeye aliwekwa upande wa ulinzi na hakudumu.

Kuandika hukumu

Ukimaliza mechi mbili au tatu, andika mistari minne: sekunde zinasema nini, wavamizi wangapi, panavuja wapi na vipi, nani hayupo kwenye namba yake. Mstari wa tano ni jina la anayepaswa kuulizwa. Kwa Super Bowl LIX mimi ningeandika hivi:

Mara nyingi chini ya sekunde tatu. Wavamizi wanne, blitzi hakuna. Panavuja pembeni kushoto na ndani yake, mara kwa nguvu na mara kwa kasi, na kuchanganyikiwa si kwingi. Thuney, bora wa ndani kushoto kwenye ligi, amehamishiwa pembeni kushoto kwa sababu wote waliojaribiwa pale tangu Septemba walishindwa au waliumia, na mahali pake amewekwa Mike Caliendo wa benchi, hivyo namba mbili zimedhoofika kwa pengo moja. Baada ya kufungwa 24-0 kufikia mapumziko, kukimbia na mpira hakukuwezekana tena. Wa kuulizwa ni ofisi ya Chiefs, iliyoingia msimu bila mtu wa pembeni kushoto.

Mwezi uliofuata ofisi ilimsajili Jaylon Moore kutoka San Francisco kwa namba hiyo hiyo, na Aprili ikatumia uchaguzi wake wa kwanza kwa Josh Simmons, wa pembeni kushoto. Thuney akauzwa Chicago, akamlinde Caleb Williams.